Mlaji Niliyeliwa: Mashine ya Bitcoin Haikuja, Lakini Hela Ilirudi

Wapendwa, kabla hamjaanza kushuka chini: jina la huyo kaka ni kapuni. Msinifuate DM mkinitumia picha za watu na kuniuliza "ndiyo huyu?" Nilimpa neno langu, na mbele huko nitawaambia alilipataje. Kampuni nayo siitaji. Imeshakufa, iko mikononi mwa mfilisi, na zenye tabia kama yake bado zipo nyingi tu, zimebadilisha jina na rangi ya nembo.

Ninachotaka ni kuwasimulia jinsi nilivyolizwa pauni 3,200 na jinsi zilivyorudi. Zote. Nusu ya kwanza ya stori hii kila mtu anaweza kuisimulia, maana nani hajapigwa? Hiyo ya pili ndiyo adimu, na ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Mie ni binti wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza. Nahudumia wazee, zamu ya usiku. Kazi ya kuwageuza watu kitandani saa tisa alfajiri, kuwabadilisha, kuwasikiliza wakimwita mtu aliyekufa miaka 20 iliyopita. Hela yake haiji kirahisi. Nilikuwa nimejiwekea malengo ya kupaua nyumba ya mama. Kuta zilishasimama, lenta imeshapita, kilichobaki ni mbao na mabati. Kila simu mama anauliza kuhusu mvua za vuli, hanitaji mabati. Mnawajua mama zetu. Hawaombi, wanakutolea taarifa ya hali ya hewa.

Sasa, Oktoba 2021. Kama mlikuwa mtandaoni mnakumbuka ule moto. Bitcoin moja ilikuwa imevuka dola 60,000, na Novemba ikakaribia 69,000. Kila mtu mtaalamu. Kinyozi anakuelezea blokucheni. Na huyu kaka yetu, Mswahili mwenzetu, mtu wa watu, msherehesha harusi na mchekeshaji, ana wafuasi mpaka basi, akaanza kwenda laivu kila Ijumaa usiku. Nyuma yake kuna mashine inaunguruma kama jenereta la msibani. "Hii hailali," anasema. "Wewe unalala, yenyewe inachimba."

Kwa asiyejua, kuchimba Bitcoin hakuna jembe wala shimo. Ni kompyuta maalumu duniani kote zinashindana kubahatisha namba. Takribani kila dakika 10 mmoja anashinda na kupewa Bitcoin mpya, na wakati ule mshindi alikuwa anapata 6.25. Wachimbaji wadogo hujiunga kwenye kikundi na kugawana kidogo kidogo kulingana na nguvu ya mashine ya kila mmoja.

Kuna kitu ambacho kaka hakukisema laivu, nami sikukijua. Mfumo wenyewe hurekebisha ugumu wa mchezo kila baada ya bloku 2,016, yaani kama wiki mbili hivi. Mashine zikiongezeka duniani, mchezo unakuwa mgumu na fungu lako linapungua. Kwa hiyo mashine iliyochelewa miezi minne si ileile uliyoilipia. Ni kama nguo ya Idi. Fundi akikuletea baada ya Idi, kitambaa ni kilekile na mshono ni uleule, lakini sikukuu imeshapita na wewe ulivaa kanzu ya mwaka jana.

Basi bwana, nikaingia. Mashine iliyotumika kidogo na kukarabatiwa, pauni 3,200. Muuzaji ni kampuni iliyosajiliwa hapahapa Uingereza, tovuti safi, namba ya usajili chini ya ukurasa. Ahadi iliyoandikwa kwenye oda: mzigo utafika ndani ya wiki 6. Nililipa pauni 500 za kushikia nafasi kwa kadi ya mkopo, kwa sababu siku hiyo mshahara ulikuwa haujaingia. Shikeni hapo. Kadi ya mkopo, kwa sababu nilikuwa sina hela. Wiki iliyofuata nikatuma 2,700 zilizobaki kutoka benki kwenda kwenye akaunti niliyoelekezwa. Jina la akaunti lilikuwa tofauti na la kampuni. Nikauliza. Nikaambiwa ni "kampuni dada". Nikasema sawa. Jamani, nilisema sawa.

Tena si peke yangu. Mtoto wa mama mdogo, yuko Mbagala, anaendesha bodaboda, akaniuliza: "Dada, na sisi wa huku?" Kumbe kaka alikuwa na wakala wake Dar anayekusanya watu kununua mashine kwa hisa. Mdogo wangu akatoa shilingi 1,500,000, akazituma kwa simu kwenye namba ya huyo wakala. Aliniuliza kwanza kama mchongo ni wa kweli. Nikamjibu: "Mie mwenyewe nimeshalipa." Hilo jibu langu bado linaniuma kuliko hela.

Wiki 6 zikaisha mwishoni mwa Novemba. Mzigo hakuna. Ikaanza awamu ya subira. Meli imechelewa. Forodha wanauliza karatasi. Chipu zimeadimika duniani. Mwaka mpya wa Wachina, viwanda vimefungwa. Kila sababu ukiitafuta mtandaoni unakuta kweli ipo, tatizo hilo lipo duniani, na hapo ndipo utamu wa uongo wao ulipokuwa. Halafu wakaja na ofa: ukikubali kusubiri mpaka Aprili, tutakuongezea mashine yenye nguvu zaidi kwa bei ileile. Watu kwenye kundi la WhatsApp wakashangilia. Tulikuwa tunadai maji, tukaahidiwa soda, tukapiga makofi.

Januari nikapasuka. Nikaandika posti ndefu Instagram, nikamtaja kaka, nikamwita kila jina analoweza kuitwa mtu bila kufungiwa akaunti. Ikasambaa. Watu wakaweka moto, wakaweka popukoni, wakawatagi marafiki zao. Siku mbili nilikuwa maarufu. Matokeo? Kaka akaniblock, kampuni ikanitumia barua pepe ya kunitisha na mwanasheria, na kwenye akaunti yangu haikuingia hata senti. Nikaifuta posti. Wale waliokuwa wanakula popukoni wakahamia kwenye ugomvi mwingine.

Aliyenivusha hakuwa na hata simu ya maana. Ni bibi mmoja wa Kiingereza ninayemhudumia. Miaka yake ya nguvu alikuwa anajitolea kwenye ofisi ya ushauri kwa raia, zile ambazo mtu anaingia na bahasha ya madeni na kutoka na mpango. Usiku mmoja akanikuta nimevimba macho, akaniuliza. Nikamsimulia yote, kaka, laivu, mashine, mama, mabati. Nilitegemea aniulize kama wote walivyoniuliza: nani huyo? Yuko wapi? Ana mke?

Akaniuliza: "Ulilipaje?"

Nikamwambia 500 kwa kadi ya mkopo, nyingine kwa benki. Akatabasamu kama mtu aliyepata karata anayoitaka. Akanituma nikalete kalamu.

Alichonieleza usiku ule, na mie baadaye nikakisoma mwenyewe mstari kwa mstari, ni hiki. Uingereza kuna Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Mlaji ndiyo mteja wa kawaida, mimi na wewe tunaonunua kwa matumizi yetu. (Nikacheka peke yangu. Mlaji! Mie niliyeliwa mpaka mifupa.) Sheria ile inasema kama hamkupatana siku ya kufikishiwa mzigo, muuzaji ana siku 30. Kama mlipatana, ni siku mliyopatana. Zikipita, unampa muda mwingine wa mwisho ulio wa haki. Nao ukipita, una haki ya kusema mkataba umekwisha, na muuzaji anatakiwa kurudisha kila ulicholipa bila kuzungushana. Kale ka sentensi walikoandika chini kabisa kwa herufi ndogo, "hakuna kurudisha hela", hakawezi kuifuta haki hiyo kwa mlaji.

Kuna na kanuni za mwaka 2013 za manunuzi ya mbali. Ukiagiza kitu mtandaoni, kwa bidhaa nyingi unaruhusiwa kubadili mawazo mpaka siku 14 baada ya kukipokea. Baada ya kukipokea! Sasa kama hujakipokea kabisa, hizo siku hazijaanza hata kuhesabiwa. Tungeweza kujitoa wakati wowote tangu Oktoba. Watu wazima wote kwenye lile kundi, wenye digrii zao, hakuna aliyejua.

Nikaandika barua. Haikuwa na tusi hata moja. Namba ya oda, tarehe ya kulipa, kiasi, tarehe mliyoahidi, na mwisho: nawapa siku 14, mzigo usipofika nachukulia mkataba umekwisha na nadai pauni 3,200. Nikaituma kwa barua pepe na kwa posta ya kusainiwa. Ilinichukua saa moja. Ile posti ya Instagram ilinichukua saa tatu.

Wakajibu haraka kuliko siku zote. Na jibu lao lilikuwa la kijanja, nikiri. Walisema wewe si mlaji. Mlaji hununua friji, hununua viatu. Wewe ulinunua mtambo wa kuzalisha hela, kwa hiyo ni mfanyabiashara, na sheria hiyo haikuhusu.

Nilikaa na hiyo barua siku nzima. Maana kuna ukweli fulani ndani yake, sivyo? Nilinunua nipate faida. Lakini sheria haiulizi kama ulitaka faida. Inauliza kama ulikuwa unanunua kwa ajili ya shughuli yako ya biashara au ufundi wako, kabisa au kwa sehemu kubwa. Mie shughuli yangu ni kuhudumia wazee. Sina kampuni, sina leseni, nilitaka mashine moja ya kuweka stoo chini ya ngazi. Tena anayetakiwa kuthibitisha kwamba mteja si mlaji ni muuzaji, si mteja. Na hata ningekuwa mfanyabiashara, tangu lini mtu akachukua hela yako, asilete kitu, halafu akawa hajavunja mkataba? Nikawajibu hivyo. Wakanyamaza. Mwezi wa Machi simu zao zikaacha kupokelewa.

Hapo ndipo kadi ya mkopo inapoingia. Uingereza kuna sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kifungu cha 75. Ukinunua kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, ukalipa hata sehemu tu kwa kadi ya mkopo, benki iliyokupa kadi inabeba jukumu pamoja na muuzaji. Soma tena: hata sehemu tu. Zile pauni 500 nilizolipa kwa kadi kwa sababu ya ufukara wa wiki moja ziliifanya benki iwajibike kwa 3,200 zote. Na kampuni ikifa, benki haifi nayo.

Aprili nikapeleka madai benki. Wakanikatalia. Hoja yao ilikuwa moja, na ilikuwa kali: zile 2,700 zilikwenda kwenye akaunti ya jina jingine, tutajuaje kama zilikuwa za oda hiihii? Tutakurudishia 500. Nikawaambia nalalamika rasmi. Kwa utaratibu wa kule, benki ina wiki 8 za kujibu lalamiko. Ikishindwa, au usiporidhika, unakwenda kwa ombudsmani wa mambo ya fedha, na huduma yake kwa mteja ni bure. Lakini ombudsmani naye angetaka ushahidi. Na ushahidi sikuwa nao. Maelekezo ya akaunti nilipewa kwa simu. Kwa mdomo.

Aliyekuwa nao ni mmoja tu. Yule niliyemtukana mbele ya dunia nzima.

Nilimwandikia kwa namba ya rafiki yangu. Sikuomba msamaha kwa kukasirika, niliomba msamaha kwa kumvua nguo hadharani. Nikamweleza ninachohitaji: karatasi yoyote, ujumbe wowote, unaoonyesha kampuni ndiyo iliyoelekeza wateja walipe kwenye akaunti ile. Siku nne kimya. Siku ya tano, saa nane usiku, nipo zamu, simu ikaita.

Sitasimulia yote aliyosema. Kwa ufupi, ile mashine iliyokuwa inaunguruma nyuma yake ilikuwa ya kuazimwa na kampuni kwa ajili ya laivu. Yake mwenyewe alilipa, naye hajawahi kuiona. Alikuwa anapewa kamisheni kwa kila oda, na alipogundua mizigo haiendi alikuwa ameshaleta watu wengi kiasi kwamba kusema ukweli kulimtisha kuliko kuendelea kunyamaza. Mkewe alikuwa hajui. Harusi zilikuwa zimeanza kumkimbia. "Dada," akasema, "nikikupa hii, kesho sura yangu iko kila ukurasa." Nikamwambia: "Kaka, mie nataka mabati. Sura yako siihitaji."

Alinitumia usiku uleule. Ujumbe wa bosi wa kampuni kwake, una tarehe, una namba ya akaunti, unasema waziwazi wateja wote wa oda zile wamalizie malipo pale. Sharti lake lilikuwa moja tu, jina lake lisitoke kwangu. Ndiyo maana jina ni kapuni.

Juni kampuni ikatangaza kufilisika. Waliokuwa wanasubiri ile mashine yenye nguvu zaidi wakaambiwa wajaze fomu ya mfilisi na wasimame kwenye foleni ya wanaodai, nyuma ya wenye dhamana. Kuna mshikaji wa Birmingham alikuwa amelipa yote kwa kadi ya kawaida ya benki. Huyo naye angeweza kuiomba benki ivute hela irudi. Lakini utaratibu huo una dirisha, mara nyingi siku 120, na yeye alikuwa amewaamini mpaka dirisha likafungwa. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya meli, forodha na Wachina. "Subiri kidogo" haikuwa kukupooza. Ilikuwa saa inahesabu.

Na wala hawakuibuni wao. Mchezo huu una ukoo. Kampuni ya Marekani iliyoitwa Butterfly Labs ilianza kupokea oda za mashine za Bitcoin mwaka 2012, bei kuanzia dola 149 mpaka 29,899, hela mbele. Kwa maelezo ya FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, kufikia Septemba 2013 wateja zaidi ya 20,000 walikuwa hawajapata walichonunua. Tume ikaipeleka mahakamani Septemba 2014, na mwaka 2016 ikafikia makubaliano na kampuni hiyo. Moja ya hoja za tume ilikuwa hiyohiyo ya nguo ya Idi: mashine nyingi zilipofika zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Kwa hiyo ukiona mtu anauza mashine ambayo bado haipo, kumbuka wimbo huo una zaidi ya miaka kumi. Anayebadilika ni mwimbaji tu.

Julai 2022, asubuhi, natoka zamu, niko kituo cha basi, simu ikatetemeka. Benki. Pauni 3,200. Sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye benchi, basi likaja, likaondoka, nikalisubiri lingine.

Kuna kichekesho cha mwisho. Wakati ule Bitcoin ilikuwa imeshashuka, mwezi wa Juni ilikwenda chini ya dola 20,000. Na umeme wa Uingereza ulikuwa umepanda Aprili, uniti moja karibu senti 28 za pauni. Mashine ile ilikuwa inakula wati 3,300. Zidisha kwa saa 24, unapata uniti 79, zaidi ya pauni 22 kila siku iendayo kwa Mungu, na hapo ingekuwa inaingiza chini ya nusu ya hiyo. Kama wangenilétea mzigo wangu kwa uaminifu, ningekuwa nauzima kwa mkono wangu mwenyewe. Biashara yangu pekee iliyolipa kwenye Bitcoin ni kudai hela yangu.

Mabati ya mama yalipanda Septemba, kabla ya vuli. Siku ya kwanza ya mvua alinipigia, hakusema kitu, aliiweka simu juu nisikilize. Mliokulia kwenye nyumba za bati mnaijua ile sauti.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nawadanganya.

Mdogo wangu wa Mbagala hajarudishiwa. Alituma kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi, hana oda, hana risiti, ana ujumbe wa muamala tu. Wakala alizima namba. Alikwenda polisi, akapewa RB, anayo mpaka leo, ameikunja kwenye pochi pamoja na leseni. Si kwamba Tanzania hakuna sheria. Kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kuna Tume ya Ushindani, FCC, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Lakini sheria yoyote inaanza kwa kukuuliza: ulinunua nini, kwa nani, karatasi iko wapi? Na yeye alinunua maneno, kwa namba ya simu. Sikumzidi akili. Tulidanganywa na laivu moja, usiku mmoja. Nilichomzidi ni kipande cha plastiki na barua pepe ya oda.

Namlipa mwenyewe, kidogo kidogo. Hakuniomba. Nimeshafika laki tisa. Ananiambia, "Dada, acha bwana, hukuniibia." Najua sikumwibia. Lakini alipouliza, aliyejibu ni mie.

Na kaka je? Najua komenti zenu zitakuwa zinasema namficha tapeli. Inawezekana. Mie nimemwambia kwa mdomo wangu: ahadi yangu inahusu jina, haihusu deni. Watu wa Dar aliowakusanyia kupitia wakala wake wanamdai, na ameanza kuwalipa mmoja mmoja, polepole mno kwa ninavyoona. Ule ujumbe alionitumia aliwapa na wengine, wakautumia kwenye benki zao. Hilo namhesabia. Hayo mengine bado namhesabia pia.

Kwa hiyo wapendwa, mkiona mchongo wa hela mbele, mzigo baadaye, fanyeni haya machache. Lipia, hata kidogo, kwa njia ambayo ina mtu mwingine wa kuulizwa. Hakikisha jina la akaunti ni jina la anayekuuzia, na wakikwambia "kampuni dada", ondoka. Taka tarehe ya kufika kwa maandishi. Tarehe ikipita, usiongeze subira, andika barua siku hiyohiyo. Ukilipa kwa sarafu za mtandaoni zenyewe, jua hakuna benki ya kuigongea mlango. Na kabla hujaenda kutukana mtandaoni, piga skrinshoti za kila kitu, maana ukishablokiwa huoni tena.

Haya, uwanja ni wenu. Najua mtaniuliza ni nani. Kila mtu anauliza ni nani. Kama nawe umepigwa na unataka nikusaidie kufikiri, niandikie hapo chini, lakini swali langu la kwanza nitakuuliza la bibi yangu wa zamu ya usiku: ulilipaje?